Vigelegele vya Kuagizwa

Kwa miaka mingi kazi yangu katika mtaa wetu wa Keko ilikuwa kutafuta wanawake wa kushangilia. Haikuandikwa hivyo mahali popote. Nilikuwa mjumbe, na mkutanoni walisema kazi ya mjumbe ni kusuluhisha majirani na kujua nani kahamia na nani kahama. Lakini simu ambayo mtendaji wa mtaa alinipigia mara nyingi kuliko nyingine zote ilikuwa ile ile: "Mzee, kesho tuna mgeni. Nitafutie akina mama wa kutosha, wawe na sare, na wawe na sauti."

Alisema hivyo bila kucheka, na mimi nilipokea bila kucheka. Sauti iliyotakiwa ilikuwa ya vigelegele tu. Mwanamke aliyekuja na sauti ya kuuliza aliitwa mkosa adabu, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumkalisha chini. Nilikuwa hodari wa kukalisha watu chini. Nilikuwa na mvi, kofia, na Kiswahili cha mtu aliyemaliza kidato cha nne zamani, wakati hilo lilikuwa jambo kubwa. Niliweza kumwambia mtu afunge mdomo naye akaondoka anashukuru.

Sitataja jina la mtu. Walioumizwa bado wanaishi hapa, na waliowaumiza bado wana vyeo.

Watu wa nje wakisikia Keko hufikiria mafundi seremala, wanaume watupu, vifua wazi na randa mkononi. Wapite mchana waangalie nani anasugua msasa. Kitanda kinatoka kwa fundi kikiwa na miba, mwanamke anakaa chini juu ya boksi, kafunga khanga puani, anasugua mpaka mbao inakuwa laini kama shavu la mtoto. Kisha fundi anapaka vanishi, mteja anafika, sifa zinakwenda kwa fundi. Wanawake hao wa msasa, pamoja na washonaji wa mito ya makochi na wale waliowapikia wote, walikuwa na kikundi chao cha ngoma. Walianza kwa kuchezeana wenyewe, kwenye harusi zao na kwenye ubarikio wa watoto. Mimi ndiye niliyewageuza kuwa mali ya ofisi.

Msimamizi wao nilimwita binti yangu, ingawa sikumzaa. Baba yake nilifanya naye kazi kwenye bohari la kiwanda kimoja, mimi karani, yeye mpakiaji. Alifariki binti akiwa bado shule. Wajomba zake walikuwa mbali, Songea, na siku mchumba alipotuma wazee, posa ililetwa kwangu. Nilikaa mkekani nikauliza maswali yote ambayo baba huuliza. Kisha nikamwita atoke chumbani, nikamwuliza mbele ya wageni kama anawafahamu. Aliniangalia mimi kwanza, ndipo akajibu kwamba anawafahamu. Tangu siku hiyo ananiita baba, na huku kwetu mtu aliyekaa mkekani kwa ajili yako humkatalii jambo.

Mwanamke wa pili katika habari hii alikuwa mama wa chai. Alikuwa mjane, mkubwa kuliko wenzake, na meza yake ilikuwa nyuma ya karakana karibu na mfereji. Alipika chai na chapati, na kwenye kikundi yeye ndiye aliyepiga ngoma kubwa. Nilikuwa nakunywa chai yake kila asubuhi.

Asubuhi moja mgambo walikuja kusafisha. Mgeni alikuwa anatarajiwa, na amri ilikuwa kwamba sehemu yote ya mfereji iwe tupu. Hawakutoa muda wa kufungasha. Walipindua meza, wakamwaga chai, wakaanza kurusha masufuria kwenye gari. Mama wa chai alishika birika lake. Hakumtukana mtu. Alilishika tu kwa mikono miwili na kusema, "Hili sio la mtaa, hili langu." Mgambo mmoja, kijana ninayemfahamu tangu anasoma shule ya msingi, alimpiga rungu kwenye mkono. Nilisikia mfupa.

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka hapo, na kikombe mkononi. Nikasema, "Taratibu, jamani."

Huo ndio ulikuwa upinzani wangu wote. Taratibu, jamani. Kama vile kosa lilikuwa mwendo.

Tulimpeleka kituo kidogo cha polisi kutafuta PF3, kwa sababu bila karatasi hiyo hospitali wanasita kumgusa mtu aliyepigwa. Askari wa zamu alipotajiwa mgambo akasema PF3 zimekwisha, tuje kesho. Mkono ulikuwa umevimba umekuwa kama mguu. Hapo nikatoa hekima yangu. Nilimwambia, "Sema umeteleza, utibiwe leo. Hayo mengine tutayazungumza kiutu uzima."

"Nimeteleza wapi, baba, na mvua hakuna?"

"Sema bafuni."

Akaniangalia, mkono kaushikilia kifuani. "Bafuni kwangu ni pa udongo na makuti," alisema. Lakini maumivu yalikuwa makali, na mimi ndiye mjumbe. Hospitali wakaandika kaanguka bafuni, wakamfunga plasta ngumu.

Hata wiki haikupita, mtendaji akapiga simu. Mgeni rasmi anakuja kuzindua eneo safi. Ndivyo walivyopaita: eneo safi. Akina mama wawe na sare na sauti.

Nilimkuta binti yangu kwenye msasa, vumbi limemjaa kope. Nikamweleza. Hakuacha kusugua.

"Pale pale, baba? Pale alipovunjwa mtu mkono, sie tukapige vigelegele?"

"Ni muda mfupi tu, mwanangu. Mgeni hana habari na mambo ya mgambo."

"Basi si ndio ajue?"

"Kuna njia zake."

"Zipi?"

Nikakohoa. Mwenzake mmoja kwenye boksi la pili akasema, "Mzee vumbi limempata," na wote wakacheka chini ya khanga zao. Binti yangu akapuliza mbao, akaipapasa kwa kiganja. "Sawa. Nitawaleta. Ila sie ndio tutajua tunaimba nini."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilidhani wametunga wimbo mpya.

Siku yenyewe palikuwa na turubai, viti vya plastiki, na spika zilizotoa muziki tangu asubuhi. Wanawake walikuja wote. Walivaa vitenge vyao vya sare, wakajipanga mstari mbele kabisa, mahali nilipowaonyesha. Mama wa chai alikuwa katikati, plasta imetokeza kwenye mkono wa kitenge, ngoma kubwa iko miguuni pake.

Gari la mgeni likafika. Mshereheshaji akapaza sauti, "Haya akina mama!"

Kimya.

Alidhani hawakusikia. "Akina mama wa Keko, haya, haya!"

Walisimama. Hawakununa, hawakuinamisha vichwa. Walikuwa wanamtazama mgeni usoni kama unavyomtazama mtu unayemsubiri amalize kusema ili nawe useme. Mgeni alishuka mkono wake umeshainuliwa kupungia, akaushusha. Spika ilikuwa inakoroma. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni utani, akajaribu utani. "Mbona wamepoa? Labda asubuhi hawajanywa chai."

Kutoka mstarini sauti moja ikasema, si kwa kelele, "Chai ilimwagwa."

Wanaume waliokuwa nyuma walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mgeni alisoma hotuba yake haraka haraka, akaondoka bila kula.

Nimehudhuria mikutano maisha yangu yote. Nimesikia watu wazima wakipiga kelele wamtoe mwenyekiti. Sijaona wakubwa wakiogopa kama walivyoogopa siku ile, na hakuna aliyekuwa amesema neno zaidi ya hilo la chai. Nakasirika kila ninapolifikiria. Kumbe walichokuwa wanakipenda miaka yote haikuwa furaha yetu. Walitaka kelele ya kuzibia masikio yao, na mimi ndiye niliyekuwa nawaletea kwa bidii, kwa malipo ya soda na kitenge.

Kesho yake binti yangu alipigiwa simu afike kituoni kwa mahojiano. Alikwenda kwa miguu yake, kavaa vizuri, akidhani atarudi kupika. Hakurudi siku hiyo wala iliyofuata. Walikuwa wanamwuliza swali moja: nani kakutuma? Alipowajibu kwamba walikubaliana wenyewe, wakiwa wanasugua msasa, walimwona mwongo. Walitaka jina la mwanaume, la chama, la mzungu, la yeyote. Kwamba wanawake wa mtaani wanaweza kukaa juu ya maboksi wakafikiri, hilo halikuingia akilini mwao. Kwa watu wale, mwanamke akipiga kigelegele ni moyo wake, akinyamaza katumwa.

Mtoto wake mdogo, ambaye alikuwa bado ananyonya, alikuwa nyumbani kwangu, maana mumewe alikuwa kazini mbali. Alilia kwa sauti ambayo nyumba nzima haikuweza kuifanyia kitu. Ndipo mtendaji akaja, mwenyewe, akakaa sebuleni na kukataa soda.

"Mzee, jambo hili ni dogo," alisema. "Binti ana kiburi tu. Aseme maneno mawili kwenye simu, warekodi, leo leo anatoka. Wewe si ndio baba yake? Atakusikia."

"Maneno gani?"

"Ya kuomba radhi. Kwamba walipotoshwa, na kwamba hakuna aliyepigwa."

Mke wangu alikuwa kasimama mlangoni na mtoto begani. Mtendaji alipoondoka aliniuliza, "Unakwenda kumtoa au kumnyamazisha?"

"Nakwenda kumtoa."

"Haya. Ukirudi utaniambia ulimtoa kwa kitu gani."

Kituoni walinipeleka chumba cha nyuma chenye meza na viti viwili. Binti yangu aliingia pekupeku, kitenge chake kimelowa kifuani kwa maziwa. Afande alibaki mlangoni anachezea simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Mtoto amekula?"

Nikamwambia anakunywa uji lakini analia. Kisha nikamwambia lililonileta. Alisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyolelewa.

"Kwamba hakuna aliyepigwa," alirudia.

"Ni maneno tu. Kila mtu mtaani anajua ukweli."

"Baba, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Sasa mama wa chai atamwambia nani kama mie nishasema hivyo? Nani atamwamini?"

Alikuwa ameona mbali. Alikuwa amefungiwa mahali pasipo na dirisha na aliona mbali kuliko mimi niliyetoka nje. Ningesimama pale nikamwambia, una haki, kaa, nakwenda kutafuta wakili, nakwenda kupiga kelele. Badala yake nilichukua kile kitu kimoja alichonipa kwa heshima nikamchoma nacho. Nilisema, "Mie ndiye niliyekaa mkekani siku ya posa yako. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba kama baba."

Akaniangalia, kama alivyoniangalia siku ile mbele ya wageni. Halafu akasema, "Sawa."

Afande alikuja mbio na simu yake. Alimfundisha maneno, akamfutisha jasho, akamwambia afunge kitenge vizuri kifua kisionekane. Walirekodi mara ya kwanza, afande hakuridhika. "Rudia. Uchangamke kidogo, usiwe kama umefiwa." Akarudia. Nilikuwa nimekaa pembeni, magoti yangu yanaonekana kwenye picha. Ukiitazama klipu ile, kuna magoti ya mzee kavaa suruali ya kijivu. Ni mimi.

Hawakumpiga. Rungu walikuwa nalo, hawakuwa na haja nalo, maana walikuwa na mimi.

Jioni ile ile klipu ilikuwa kwenye kila kundi la wasapu. Niliingia nyumbani na binti yangu nyuma yangu. Mke wangu alimpokea, akampa mtoto, akamfungia mlango wa chumba amnyonyeshe. Kisha akanigeukia. "Naona umeuleta mwili," alisema. "Mdomo wake umeuacha wapi?"

Nimeoa zaidi ya miaka arobaini. Nilichukua kofia yangu nikatoka nje.

Mambo yakaenda sawasawa na alivyosema binti yangu. Mama wa chai alikuwa amepata mtu wa kumsindikiza kituo kikubwa kufungua kesi dhidi ya yule mgambo. Alipofika wakamwonyesha klipu. "Kiongozi wenu mwenyewe kasema hakuna aliyepigwa," walimwambia. "Hospitali imeandika bafuni. Sasa sie tumkamate nani, sakafu?" Walicheka. Maneno yote mawili waliyomfungia nayo mlango, la bafuni na la hakuna aliyepigwa, yalitoka kwangu.

Kikundi kikavunjika. Kwenye msasa wanawake walimhama binti yangu, wakasogeza maboksi yao upande wa pili. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Wengine tutasugua hapa, kule kuna waigizaji." Binti yangu hakujitetea. Angejitetea angelazimika kunitaja, na hakunitaja. Nilipopita alisema, "Shikamoo, baba," nikaitikia, akaendelea kusugua. Ningependa anitukane. Kila siku shikamoo, na kila siku kichwa kinarudi kwenye mbao.

Plasta ya mama wa chai ilitolewa na mkono ukabaki umepinda. Alianza tena biashara ndani ya uchochoro wa nyumba yake, akimimina chai kwa mkono wa kushoto. Ngoma aliiuza.

Nilimfuata binti yangu siku moja wenzake wameondoka. Nikaanza, "Mwanangu, nimekukosea," na nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri. Akanikatisha, mara ya kwanza maishani mwake.

"Baba, pole sitaki. Nimechoka na pole. Nenda kwa mama wa chai ukamwambie nani alinifanya niseme vile. Mie nikimwambia ataona nakusingizia mtu mzima."

Nikaenda. Mama wa chai alikuwa anasukuma chapati kwa chupa, mkono mmoja unasukuma, ule uliopinda umeshika ubao usitembee. Nilimweleza yote nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti. Alisukuma chapati tatu nzima ndipo akasema.

"Kwa hiyo uliona nikipigwa. Ukaniambia niseme bafuni. Halafu ukamwambia yule mtoto aseme hakuna kitu."

"Ndiyo."

"Umefanya kazi, baba. Mgambo alivunja mkono tu, ukamalizia wewe." Akageuza chapati kwenye kikaango. "Na mie nimemnunia yule binti miezi yote hii. Nimepita mlangoni kwake nimetema mate."

"Makosa ni yangu."

"Najua ni yako, si ndio unaniambia? Nakuuliza, utasema mbele za watu? Sio hapa kwenye moshi wangu."

"Nitasema."

"Hata wakikuvua ujumbe?"

Nilisita. Naona aibu kuliandika, lakini nilisita. Kofia ile ya ujumbe ilikuwa kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kuwafanya watu waniamkie. Aliona nikisita na akarudi kwenye chapati zake. Nikasema tena, "Nitasema," nikaondoka.

Mkutano wa mtaa uliofuata ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mtendaji alipofika kwenye ajenda ya mengineyo nilinyoosha mkono. Nilisema kwamba nilikuwepo siku ya mgambo, nilimwona aliyepiga, na nikamtaja hapo hapo, maana na yeye alikuwa kasimama kwenye ukuta. Nikasema mimi ndiye niliyemshauri mama huyu adanganye hospitali, na mimi ndiye niliyemlazimisha msimamizi wa ngoma arekodi uongo mbele ya polisi, nilipotumwa na huyu mtendaji.

Mtendaji alitabasamu. "Mzee wetu leo sukari imepanda. Mpeni kiti. Mleteeni maji."

Watu walicheka. Nililetewa maji kweli, ya chupa, ya baridi.

Nilishika chupa ile kwa hasira, na haikuwa hasira ya kuchekwa. Binti yangu hakutoa hata sauti na akafungiwa. Mimi nilitaja mtu kwa jina, nikawataja polisi, nikamtaja yeye mtendaji usoni kwake, nikapewa maji ya baridi. Kumbe nafasi hii ya kusema nilikuwa nayo siku zote. Ningeweza kuitumia asubuhi ile kwenye mfereji, na kituo kidogo cha polisi, na chumba cha nyuma, na adhabu yangu ingekuwa kiti na maji. Niliitunza kwa ajili ya nani?

Nikaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Nikasema jinsi mama huyu alivyoteseka, alivyokuwa analia usiku na mchana, mwanamke mnyonge asiye na mtetezi. Hapo sauti ikatoka nyuma.

"Sikulia."

Mama wa chai alikuwa amesimama. "Kaa, baba," alisema. "Wewe umesema ya macho yako, inatosha. Ya mkono wangu nitasema mie."

Nikakaa. Alisema bila kupanda jukwaani, bila maiki. Alieleza birika, rungu, PF3 zilizokwisha, sakafu waliyomcheka nayo. Alinyoosha mkono uliopinda ili kila mtu auone, akaugeuza upande wa pili, kama mtu anayeonyesha bidhaa yenye kasoro. Mtendaji akasema muda umekwisha. Hakuna aliyeinuka. Akasema tena muda umekwisha, mvua inakuja. Binti yangu akasimama upande wa pili wa uwanja, akapita katikati ya watu mpaka alipo mama wa chai. "Yale ya kwenye simu niliyasema ili nitoke," alisema. "Aliyepigwa ni huyu. Tulinyamaza siku ile kwa ajili yake. Leo sinyamazi." Mama wa chai hakumkumbatia. Alimsogezea nafasi tu, wakasimama pamoja mpaka mtendaji akakusanya vitu vyake na kuondoka.

Ujumbe walinivua. Mtendaji alinipigia kuniambia nipumzike, nimelitumikia taifa. Na nisidanganye mtu hapa kwamba mambo yamekwenda vizuri. Yule mgambo bado anapita asubuhi, rungu kiunoni. Klipu bado inazunguka, na kila likitokea jambo mtu anaitupa tena kwenye kundi na vikatuni vya kucheka. Wapo wanawake kwenye mitaa mingine, Temeke, Manzese, ambao wamerekodiwa klipu kama hizo, na nikiziona siangalii nyuso zao. Naangalia pembeni mwa picha, nione nani kaletwa kuwashawishi.

Lakini siku chache baada ya mkutano tulikwenda kituo kikubwa kufungua kesi, mama wa chai na wanawake wote wa msasa, na mimi nyuma yao kama shahidi. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka mchana. Afande aliyetupokea alikuwa yule yule wa simu. Alipoona kundi lile akaniita mimi. "Mzee, hebu njoo unieleze wewe, hawa wana kelele."

Wanawake walikuwa wamekaa kimya kabisa.

"Mwulize mwenye mkono," nilisema. "Mie zamu yangu bado."

Mama wa chai akakaa kwenye kiti mbele ya meza, akaanza mwanzo. Afande aliandika mpaka alipofika kwenye rungu, akaweka kalamu chini. Mama wa chai naye akanyamaza akamngojea. Nyuma yake walikuwa wamesimama wenzake, hakuna aliyesogea. Afande alitazama mlangoni, akatazama simu yake, akaichukua kalamu.

Zamu yangu ilipofika nilisema niliyoyaona. Afande akauliza, labda kwa kuninasa, "Na kwa nini hukusema siku zote hizo?"

"Andika kwamba niliogopa."

"Hilo sio la lazima kwenye maelezo, mzee. Ninyi mna heshima zenu."

Binti yangu alikuwa nyuma ya kiti changu. Sikugeuka, lakini nilimfahamu kwa sauti, ilikuwa imerudi ile ya zamani.

"La lazima hilo, afande," alisema. "Mwandikie."